Msiizime Kabla Hamjaitazama

Najua mmezoea kusoma katika kurasa hizi maoni juu ya Sheng bwaloni, uvivu wa kusoma riwaya, au sababu za kushindwa kwetu katika mdahalo na majirani. Mimi leo nataka kusema juu ya mashine iliyo katika chumba cha kompyuta, chini ya meza ya pembeni, ambayo wengi wenu hamjawahi kuiona ingawa mmeilaani mara nyingi. Naam, naisema seva ya shule.

Seva hiyo si dude la ajabu. Ni kompyuta ya kawaida, kuukuu, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na prosesa ya viini viwili. Ndani yake mna Linux, mna Apache inayowapokea wanaofungua kurasa zetu, na mna MariaDB inayotunza majedwali ya data. Humo ndimo yanamokaa matokeo ya mitihani ya kila muhula, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na insha zote ambazo chama chetu kimewahi kuzichapisha. Matokeo yakitoka, wazazi huyatafuta humo kwa simu zao wakiwa nyumbani, na hapo ndipo seva huanza kujikokota kama kobe.

Ikijikokota, desturi yetu ni nini? Mtu huenda akaizima. Hatazami skrini, hamwulizi yeyote. Hushika waya wa umeme akauchomoa, akahesabu hadi kumi, akaurudisha. Seva huamka, kurasa hufunguka upesi, naye aliyechomoa waya hutembea kifua mbele kama mganga aliyepunga pepo. Baada ya saa moja mambo ni yale yale. Muhula wa kwanza mwaka huu waya ulichomolewa wakati mwalimu wetu mmoja alipokuwa akiingiza alama za insha za kidato cha pili. Jedwali la alama likaharibika, na mwalimu huyo akakesha siku mbili akizirudia moja moja kutoka madaftarini. Hakuna aliyemwomba radhi, maana kila mtu aliamini kwamba kuzima ndiyo dawa yenyewe.

Msimamo wangu ni huu, na nausema wazi. Seva isizimwe, wala zisitolewe fedha za kununua nyingine, kabla haijatazamwa ni michakato gani inaendelea ndani yake na kila mmoja umechukua kumbukumbu kiasi gani. Tena kazi hiyo ya kutazama isiachiwe mtu mmoja mwenye ufunguo wa chumba. Hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifanya, na afundishwe.

Niseme kidogo kuhusu maneno, maana hili ni jarida la Kiswahili na wakali mpo. Nikisema mchakato nina maana ya programu ikiwa kazini. Programu iliyolala kwenye diski ni kama maelezo ya kupika pilau yaliyo kitabuni, na mchakato ni sufuria iliyo motoni. Maelezo ni yale yale, lakini masufuria yaweza kuwa kumi, na kila sufuria lahitaji nafasi yake jikoni. Kumbukumbu basi ndiyo hiyo nafasi ya jikoni. Si diski. Diski ni ghala, hubaki na vitu vyake hata umeme ukipotea. Kuhusu kama tuseme kompyuta au tarakilishi, ugomvi huo tuliuacha katika mdahalo wa muhula wa pili na sina nguvu ya kuufufua.

Tazama sasa jinsi Linux yenyewe ilivyotuachia mlango wazi. Aliyeianzisha alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa na umri wa miaka 21, akisoma katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alipotangaza kwamba anaunda mfumo wake na kuwaomba watu maoni. Leo hii zile simu za Android ambazo wazazi wetu hutafutia matokeo zina kerneli ya Linux ndani yake. Katika mfumo huo mna saraka inayoitwa /proc. Kila mchakato una nambari yake, na kila nambari ina saraka yake humo, kama vile kila mwanafunzi alivyo na faili katika ofisi ya mwalimu mkuu. Tofauti ni kwamba faili hizi hazikai kwenye diski kamwe. Kerneli huziandika papo hapo mtu anapozifungua, kwa hivyo unachokisoma ni habari ya sasa hivi. Amri za ps, top na free kazi yao ni kwenda kusoma humo na kutupangia safu tuelewe. Hakuna linalovunjika kwa kusoma. Hata mtumiaji wa kawaida asiye na mamlaka yoyote juu ya seva huruhusiwa.

Basi mbona hatutazami? Nadhani ni woga wa skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Watu hudhani ukiandika neno moja vibaya shule nzima italipuka.

Na huo woga una gharama yake, jameni. Mwezi wa Juni aliletwa fundi kutoka mjini. Sitamtaja jina wala duka lake, kwa kuwa sina haja ya kumharibia mtu riziki. Alikaa mbele ya seva akaandika free -m, na mashine ikamjibu kwa megabaiti: jumla 3,900, zilizotumika 1,180, zilizo huru 140, akiba 2,580, na mwisho kabisa, katika safu iliyoandikwa "available", 2,450. Fundi akaigonga ile 140 kwa kidole.

"Mnaona? Mmebakiwa na 140 tu. Kumbukumbu imekwisha. Hii ni mashine ya kutupa."

Mwenzetu wa kidato cha pili aliyekuwa amesimama nyuma akasema, "Samahani, Fundi, naomba kuuliza. Na hiyo 2,450 ya mwisho je?"

"Kijana, hiyo achana nayo."

Akachukua karatasi akaandika: seva mpya, shilingi 85,000. Karatasi ikapelekwa ofisini, na kabla ya juma kwisha tukaanza kusikia minong'ono kwamba wazazi wataongezewa mchango. Shilingi 85,000, katika shule ambayo kitabu teule kimoja cha fasihi husomwa na wanafunzi watatu kwa zamu!

Hiyo 2,450 ndiyo hasa isiyofaa kuachwa. Linux haipendi kuona kumbukumbu ikikaa bure. Kila faili linaposomwa kutoka kwenye diski, kerneli huweka nakala yake katika nafasi iliyo tupu, ili likitakiwa tena lipatikane haraka bila kurudi ghalani. Ni sawa na dawati tupu darasani ambalo tunaweka vitabu vyetu juu yake. Mwanafunzi mgeni akija, vitabu vinaondolewa na anaketi. Hatumwambii mwalimu mkuu kwamba darasa limejaa kwa sababu kuna kamusi juu ya dawati! Seva iliyowaka kwa siku kadhaa huonekana kana kwamba imejaa, na hiyo ni dalili ya afya. Safu ya "available" ndiyo inayokadiria ni kiasi gani programu mpya zinaweza kupewa bila mashine kubanwa. Makadirio hayo yaliongezwa katika kerneli toleo la 3.14 mwaka 2014, kwani hapo awali watu walikuwa wakikisia kwa kujumlisha zilizo huru na akiba, na jumla hiyo huwa inadanganya kwa sababu si akiba yote inayoweza kuachiliwa. Kwa hiyo siku ile ya fundi, zaidi ya nusu ya kumbukumbu yetu ilikuwa tayari kupewa mwenye kuihitaji. Wako pia mafundi wanaojisifu kwa kuandika amri ya kuimwaga akiba yote ili safu ya zilizo huru ipande. Inapanda kweli, ikapendeza macho, halafu kila faili linasomwa upya kutoka kwenye diski na seva inakuwa nzito zaidi ya awali.

Mtu ataniuliza, ikiwa kumbukumbu ipo, mbona usiku wa matokeo seva hulala? Swali zuri, na halijibiwi kwa siku ya kawaida. Lazima utazame usiku ule ule wenye shida. Ndivyo tulivyofanya, mwalimu wa kompyuta pamoja na sisi wanne, matokeo ya majaribio ya katikati ya muhula wa pili yalipotolewa. Tulifungua top kabla ya saa mbili usiku tukakaa nayo.

Juu ya skrini ya top mna nambari tatu za wastani wa mzigo, yaani wa dakika 1, dakika 5 na dakika 15 zilizopita. Ya kwanza ilikuwa imefika 14. Katika mashine ya viini viwili hilo ni foleni ndefu mno. Lakini nambari hiyo ina ujanja wake, kwa maana Linux huhesabu ndani yake michakato inayosubiri diski pamoja na ile inayosubiri prosesa. Tulipoitazama safu ya hali, michakato mingi ilikuwa na herufi D, ambayo ni ya wale wanaosubiri diski, na michache tu ilikuwa na R ya wanaokimbia. Prosesa haikuwa na kazi nyingi. Diski ndiyo iliyokuwa ikilia. Tukabonyeza M kubwa ili michakato ijipange kwa ukubwa wa kumbukumbu. Juu kabisa ilikuwa MariaDB, kisha Apache, Apache, Apache, hadi mwisho wa skrini.

Tukaandika ps aux --sort=-rss ili tuhesabu kwa utulivu. Safu ya RSS huonyesha, kwa kilobaiti, kumbukumbu halisi ambayo kila mchakato umeishika. Jirani yake VSZ huonyesha nafasi ambayo mchakato umejiandikia, hata kama haujaigusa, na huwatisha wageni bure. Kila Apache ilishika karibu megabaiti 55, na zilikuwa 96. Chukua kalamu. 96 mara 55 ni 5,280, na mashine yote ina 3,900.

Hapa niwe mkweli, hesabu hiyo imezidisha kidogo. Michakato ya Apache hushirikiana baadhi ya kurasa za kumbukumbu, na RSS humhesabia kila mmoja kana kwamba ni zake peke yake. Ni kama mkaguzi aje bwenini aulize nani ana kitabu teule, watatu wainue mikono, aandike vitabu vitatu, kumbe ni kimoja. Kuna kipimo kinachoitwa PSS kinachogawa kitabu hicho kwa wote watatu, nacho hupatikana katika faili la smaps ndani ya saraka ya mchakato. Kwa kazi yetu ya usiku ule RSS ilitosha. Ukijilinda kwa hesabu iliyozidi hupati hasara.

Kumbukumbu ilipojaa kweli kweli, kerneli ilianza kuhamishia kurasa zake kwenye swapu, ile sehemu ya diski inayosaidia jikoni linapobanana. Andika vmstat 1 uone. Mstari wa kwanza uupuuze, kwani ni wastani tangu mashine iwashwe, halafu tazama safu za si na so, yaani kinachorudishwa kutoka swapu na kinachopelekwa. Katika siku njema zote mbili huwa sifuri, au karibu yake. Usiku ule zilikuwa maelfu kila sekunde. Mpishi alikuwa akikimbia ghalani kurudisha sufuria alilolitoa dakika moja iliyopita, huku akitoa jingine ambalo atalihitaji dakika ijayo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Apache yetu hutumia mtindo ambao kila mgeni huhudumiwa na mchakato wake, na kikomo cha michakato hiyo huandikwa katika faili la mipangilio kwa jina MaxRequestWorkers. Kwetu kilikuwa 150, jinsi kilivyokuja na mfumo, na hakuna aliyewahi kukigusa. 150 mara 55 ni megabaiti 8,250. Tulikuwa tumewaalika wageni 150 katika nyumba yenye viti chini ya nusu yao, kisha tukishangaa kwamba wanakaliana. Mwalimu akakishusha hadi 45. 45 mara 55 ni 2,475, zikabaki za MariaDB, za mfumo, na kidogo ya akiba ya faili. Mgeni wa 46 hafukuzwi, anasubiri kwenye foleni. Sisi tunaokula bwaloni twajua vizuri. Wakiingia wote jikoni kwa pamoja hakuna anayekula, lakini foleni ikiwepo, hata wa mwisho hupata sahani yake.

Mwezi wa Agosti matokeo ya mwisho wa muhula yalitoka. Safu ya "available" haikushuka chini ya 700. Kurasa zilichelewa sekunde kadhaa saa mbili usiku, halafu zikawa nyepesi. Hakuna aliyechomoa waya, na mashine ni ile ile ya kutupa.

Najua wako wanaosema kwamba kuwasha upya ni njia ya haraka, tena inafaulu. Inafaulu kwa sababu inawafukuza wote waliomo, walio na hatia na wasio nayo. Ubaya mkubwa ni kwamba inafuta ushahidi. Mwezi wa Septemba seva ilikuwa nzito Jumanne adhuhuri, hakuna matokeo, hakuna wageni. Zamani ingezimwa hapo hapo. Safari hii yule yule wa kidato cha pili aliyeambiwa aachane nayo aliandika ps -eo pid,etime,rss,args, ambayo humwonyesha mtu kila mchakato umeishi kwa muda gani. Akaona programu ya kutengeneza nakala za usiku ikiwa na michakato mitano. Wa kwanza ulikuwa na umri wa siku nne na masaa. Kila usiku nakala mpya ilianzishwa ilhali ya jana bado imekwama, na kila moja ilishika megabaiti 120. Fundi angesema tena mashine ni ndogo. Ukweli ni kwamba tungekaa na seva ya gigabaiti 64, nayo ingejaa vile vile, ila ingechukua majuma mengi zaidi.

Nimeshangazwa pia na jinsi tunavyohukumu mchakato mkubwa. Kumbukumbu ikiisha kabisa, na swapu nayo ikiisha, kerneli haina budi kuua mchakato mmoja ili mashine ipone. Humchagua kwa alama zinazotegemea zaidi ukubwa. Katika seva kama yetu mkubwa huwa MariaDB, hata kama fujo imeletwa na kundi la Apache ndogo ndogo. Ndiyo habari ya kidato cha pili kizima kupiga kelele bwaloni halafu akaadhibiwa yule mrefu. Mtu akikuambia hifadhidata imekufa yenyewe, usimwamini mara moja. Omba mwenye mamlaka asome journalctl -k atafute maneno "Out of memory", kisha mtazame ni nani waliokuwa wamejaza nyumba.

Zombi nao wanasingiziwa. Ukiona herufi Z katika safu ya hali, usipige ukemi. Mchakato huo umekwisha kufa na umeachilia kumbukumbu yake yote. Kilichobaki ni jina katika orodha, likisubiri mchakato mzazi ulifute, kama jina la mwanafunzi aliyehama ambalo mwalimu wa darasa hajalikata kwenye rejista. Huwezi kumwua aliyekufa. Wakiwa wengi, mwulize mzazi wao.

Wapo wanaopinga pendekezo langu kwa sababu nyingine, na hao nawaheshimu zaidi. Wanasema ukiwafungulia wanafunzi mlango wa kutazama, wataona mambo yasiyowahusu. Hoja hiyo ina uzito. Amri ya ps huonyesha maneno yote yaliyoandikwa kuianzisha programu, na kama mtu aliandika nywila humo, kila mtumiaji wa seva anaweza kuisoma. Lakini jamani, kosa hapo ni la aliyeandika nywila mahali pa wazi. Iwekwe katika faili ambalo wengine hawawezi kulifungua. Tena kuna namna ya kuipachika /proc kwa mpangilio wa hidepid ili mtumiaji wa kawaida aone michakato yake tu. Mimi sitaki tufike huko katika seva yetu, maana tutakuwa tumemfunga macho kijana aliyeziona nakala zilizokwama. Ninachokiomba ni akaunti ya kawaida ya kutazama. Kuua mchakato wa mwingine, kubadilisha mipangilio, kuwasha upya, hayo yabaki kwa mwalimu. Na hata mwalimu anapoua, aanze na kill tupu, inayoupa mchakato nafasi ya kufunga faili zake na kuaga. kill -9 haiombi, hukata. Nimeona watu wakianza nayo kana kwamba ndiyo amri yenyewe.

Nisije nikaeleweka vibaya, sisemi kwamba hatutahitaji kumbukumbu zaidi hata siku moja. Shule inakua, na chama chetu kinataka kuweka rekodi za sauti za mashairi. Iwapo si na so zitakuwa juu usiku baada ya usiku, "available" ikikaribia sufuri, na hakuna mchakato uliokwama wala kikomo kilichowekwa ovyo, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya wazazi niseme wanunue. Hata hapo tuanze kwa kuuliza bei ya kipande cha kumbukumbu pekee. Karatasi ya fundi iliruka moja kwa moja hadi seva nzima.

Karatasi hiyo bado iko ofisini. Bodi inakutana mwezi wa Novemba, na shilingi 85,000 zimo katika ajenda. Ombi langu kwa Mwalimu Mkuu na wanabodi ni kwamba wasiijadili peke yake. Tangu Jumatatu tumeanza kurekodi matokeo ya free, vmstat na ps mara tatu kwa siku: asubuhi kabla ya gwaride, adhuhuri, na saa mbili usiku. Zamu zimegawiwa kidato cha kwanza hadi cha tatu, sisi wa kidato cha nne tukiwa na mtihani. Daftari lenyewe limefungwa kwa uzi kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, pamoja na kalamu, na karatasi ya amri nilizozitaja imebandikwa juu yake. Naomba daftari hilo liwekwe mezani siku ya kikao, kando ya karatasi ya fundi, na yule wa kidato cha pili aitwe alisome.